Mkeka na Beti ya Tamati: Uhakiki wa Kazi za Acaye Kerunen

Chukua noti yoyote ya Uganda ya toleo lililoanza kutumika mwaka 2010, uitazame kabla hujampa kondakta. Utauona Mnara wa Uhuru, ile sanamu ya mama anayemwinua mtoto juu ilhali mwili wake mwenyewe umezongwa kwa kanda. Utaiona ramani ya nchi, na utaona ruwaza za mikeka na za vikapu. Sanamu ile ina mwenyewe. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyefundisha Makerere, aliifanya mwaka 1962 kwa ajili ya uhuru, na jina lake hutajwa kila inapoandikwa historia ya sanaa ya Afrika Mashariki. Ruwaza za mikeka hazina mwenyewe. Zimekaa pale kana kwamba zimeota zenyewe kama nyasi.

Katika insha hii ninakusudia kuhakiki kazi za Acaye Kerunen, msanii wa Kampala aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ameutoa mkeka huo sakafuni, akautundika ukutani na kuufanya ujaze ukumbi mzima. Hoja yangu ni kwamba kazi hizi zimefaulu kuonyesha kuwa kumbukumbu ya nchi hii imehifadhiwa katika mikono ya wanawake kuliko katika minara. Hata hivyo, zimeliacha wazi swali la jina: huyo aliyesuka ni nani hasa? Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili, lugha ambayo ushairi wake una desturi ya kumtaja mtunzi, swali hilo lina uzito wa pekee.

Nianze na msanii. Kerunen alijulikana sana nje ya nchi mwaka 2022, Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake katika maonyesho ya 59 ya Venice, Italia. Banda hilo liliandaliwa na Shaheen Merali na lilikuwa na wasanii wawili, Kerunen na Collin Sekajugo. Majaji waliitaja Uganda kwa heshima maalumu, pamoja na Ufaransa. Nchi ambayo haikuwahi kuwa na banda ilirudi na sifa, na miongoni mwa vitu vilivyoiletea sifa hiyo ni vile ambavyo watu wa hapa Mbuya huvikunja asubuhi na kuviegemeza nyuma ya mlango.

Kifani, kazi zake si rahisi kuzipa jina. Si sanamu kwa maana ya Maloba, kwa kuwa hakuna kilichochongwa wala saruji iliyomwagwa. Si picha, ingawa nyingi huning'inia ukutani. Ni kazi za kusimikwa, yaani kazi zinazotwaa nafasi ya chumba na kumlazimu mtazamaji azizunguke, ainame, arudi nyuma. Malighafi yake ni majani ya mitende, rafia, matete, mabua ya mtama, nyuzi za migomba ambazo Waganda huziita byayi, na lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Wanawake mafundi wa sehemu mbalimbali za nchi husuka. Kisha msanii hukata, hukunja, huunganisha kwa mshono, na sehemu nyingine hutiwa rangi.

Nilipoziona kazi hizi katika ukumbi wa Afriart, kule Industrial Area, jambo la kwanza lililonishika ni uzito. Mkeka tumeuzoea ukiwa umelala. Ukilala huonekana mwepesi na wa kawaida, kitu cha kukanyagwa kwa miguu isiyo na viatu. Ukitundikwa na kuunganishwa na mingine mitano, ukaachwa ujikunje kwa uzito wake, hugeuka kuwa kitu kama ngozi ya mnyama mkubwa au ukingo wa kilima. Jambo la pili ni harufu. Majani yaliyokaushwa hayaachi kunuka jua, hata ndani ya ukumbi wenye kuta nyeupe na taa za umeme. Jambo la tatu ni kwamba mshono hauna haya. Pale kipande kinapokutana na kipande, uzi wa rafia unaonekana wazi, mnene, umepita juu kwa juu. Mwenye kutaka kuficha kazi angeuingiza ndani. Kwa kuacha mshono nje, Kerunen anatufanya tuhesabu muda: hapa mtu alikaa siku nzima, na hapa siku mbili.

Muda ndio dhamira kuu. Mojawapo ya maonyesho yake hapa Kampala aliyaita Iwang Sawa. Jina hilo ni la Kialur, na maana yake ni katika jicho la wakati. Msomaji wa Kiswahili akiliona mara ya kwanza atadhani sawa hapo ni sawasawa. La hasha. Sawa hiyo ni jamaa ya saa yetu, kama ilivyo essaawa ya Kiganda. Neno lilisafiri kutoka pwani kuingia bara, likabadilika sauti likiwa njiani, likafika Ziwa Albert likiwa limevaa nguo za wenyeji. Mkeka nao ni hivyo hivyo. Waganda huuita omukeeka, na hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayehitaji kamusi kujua neno hilo limetoka wapi. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini bado wapo wanaokiona kama lugha ya kuja na askari. Wanaosema hivyo huketi juu ya neno la Kiswahili kila jioni bila kuona ubaya wowote.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu kazi za Kerunen husifiwa mara nyingi kwa namna isiyozitendea haki. Husemwa kuwa zinaturudisha kwenye asili, kana kwamba asili ni kisima kilichofunikwa kinachongoja kufunuliwa. Zikitazamwa vizuri, kazi zenyewe zinapinga sifa hiyo. Ufundi wa eneo moja umeshonewa ufundi wa eneo jingine, rangi ya dukani imekaa juu ya majani ya bondeni, na lubugo la Buganda limekutana na mabua ya kaskazini. Utambulisho unaojitokeza hapo umeunganishwa kwa nguvu ya mkono, na viungo vyake vinaonekana.

Hapa kwetu Mbuya tunao mfano mwingine wa ukweli huo. Kilima hiki kina ngazi zake. Juu kuna nyumba zenye kuta ndefu, kanisa la Our Lady of Africa na hospitali ya jeshi. Chini, kuelekea bondeni, kuna Kinawataka. Huko wanawake wa kundi liitwalo Kinawataka Women Initiatives husuka mikoba na mikeka kwa mirija ya plastiki iliyotupwa baada ya watu kunywa soda. Mirija si majani, na haikuota bondeni. Lakini vidole vinavyoisuka vinafanya kile kile vilichofundishwa: pita juu, pita chini, kaza. Kumbe kumbukumbu haiko katika jani. Iko katika mwendo wa mkono, nao mwendo huo unaweza kuhamia katika takataka za mji na usipotee.

Ili kuona vizuri zaidi Kerunen anafanya nini, ni vyema kumlinganisha na msanii wa mbali anayeshughulikia maswali hayo hayo. Do Ho Suh alizaliwa Seoul, Korea, mwaka 1962, akahamia Marekani mwaka 1991. Anafahamika kwa nyumba za kitambaa. Hupima nyumba alizoishi, kisha huzishona kwa hariri au poliesta inayopitisha mwanga, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na bawaba za milango na swichi za taa. Nyumba ya kwanza ya aina hiyo, ya mwaka 1999, ilikuwa nakala ya nyumba ya wazazi wake huko Seoul, na jina lake likawa likirefuka kila ilipopelekwa katika mji mpya: Seoul, Los Angeles, New York, Baltimore, London. Ilikuwa nyumba ya kukunjwa na kutiwa katika sanduku la safari.

Mkeka pia ni nyumba inayokunjwa. Mtu anayehama kwa hiari huuviringisha akaufunga juu ya pikipiki, na anayekimbia vita huubeba kichwani pamoja na sufuria. Pale utakapotandikwa ndipo nyumbani kwa usiku ule. Kwa hiyo wasanii hawa wawili wamekutana katika jambo moja: wote wanaamini kwamba kilicho laini hudumisha kumbukumbu kuliko kilicho kigumu, kwa sababu kilicho laini husafiri. Wanaachana katika jambo la pili. Suh anaikumbuka nyumba yake mwenyewe. Milango ile aliifungua yeye, na hata kama washonaji stadi walimsaidia, kumbukumbu ni mali yake. Kerunen anabeba kumbukumbu za watu wengi ambao si yeye, na hapo ndipo kazi yake inapokuwa ngumu zaidi, na kwa maoni yangu, ya maana zaidi.

Suh ana kazi nyingine inayoligusa jambo hili kwa karibu. Inaitwa Some/One, ya mwaka 2001. Ni joho kubwa lisilo na mtu ndani, lililoundwa kwa maelfu ya vibati vya chuma kama vile askari wanavyovivaa shingoni. Kwa mbali ni vazi la shujaa mmoja, na kwa karibu ni umati. Katika kilima chenye kambi ya jeshi kama chetu, mtu anaelewa haraka kibati hicho ni cha nini: askari akianguka mbali na kwao, kibati kimseme yeye ni nani. Jeshi, ambalo huwavalisha watu wote sare moja, limeona haja ya kumwachia kila mmoja jina lake shingoni. Msusi hana hata hicho kibati.

Sasa niingie katika kiini cha uhakiki wangu. Wanaoandika kwa Kiingereza kuhusu kazi za aina hii hupenda kubishana kama ufundi wa mikono unaweza kupanda daraja ukawa sanaa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili ubishi huo hauna mashiko. Tangu sekondari tumefundishwa kuigawa sanaa katika sanaa za ufundi, za ghibu na za maonyesho. Katika sanaa za ufundi, uchongaji, ufinyanzi, utarizi na ususi huorodheshwa pamoja, bila ngazi kati yao. Maloba na mama anayesuka Kinawataka wamo katika kapu moja tayari. Kwa hiyo kuuliza kama mkeka ni sanaa hakutufikishi popote. Linalobaki ni hili: ikiwa ususi ni sanaa, mbona msusi hatajwi kama msanii?

Ushairi wetu ungeliuliza swali hilo kwa namna yake. Katika tenzi nyingi za Kiswahili, mtunzi afikapo mwisho hutaja jina lake, pengine na la baba yake na mji wake, pamoja na mwaka aliotunga. Beti hizo za tamati si majivuno. Ni hati ya umiliki na ni uwajibikaji: aliyesema maneno haya ni mimi, mkiona kosa mnijue. Mkeka hauna beti ya tamati. Hata kanga, ambayo tunaisifu kwa kusema kwake, imezoea kubeba jina la mfanyabiashara. Tazama chini ya kanga za Mombasa utaona alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Aliyeutunga msemo uliokaa katikati ya kitambaa hutamwona popote.

Je, Kerunen amelitatua tatizo hili? Kwa sehemu, ndiyo, na ni haki kumsifu kwa hilo. Mwaka 2024 Uganda ilirudi Venice, na safari hii yeye ndiye aliyeandaa banda, chini ya kichwa kilichosema kwa lugha kadhaa kwamba sisi ni wamoja. Katika orodha ya wasanii walikuwamo Sanaa Gateja, Taga Nuwagaba, Xenson, Jose Hendo na Odur Ronald. Pamoja nao lilikuwamo kundi la wasusi, Artisan Weavers' Collective. Kundi halikuwekwa katika shukrani wala katika maelezo ya malighafi, liliwekwa katika orodha ya wasanii. Kwa nchi ambayo noti zake zina ruwaza zisizo na mwenyewe, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Hata hivyo, jina la kundi ni mlango uliofunguliwa nusu. Wale watano waliingia kila mmoja kwa jina lake. Wasusi waliingia kama umati. Nadhani hapa tamko la kwamba sisi ni wamoja linajikwaa. Umoja ambao ndani yake wengine wana majina na wengine ni wingi, bado una jamvini na kitini.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema kwamba katika jengo hatuandiki majina ya waashi, tunaandika la msanifu, na kwamba wazo ndilo kazi, mikono ni nyenzo. Hoja yake si ya kubezwa. Bila jicho la Kerunen, mikeka ile ingebaki sita, kila mmoja peke yake, na hakuna ambaye angeizunguka akiinama. Muungano ni wake, na wazo la kuuacha mshono nje ni lake. Lakini mwashi hupanga matofali aliyochorewa na mwingine. Msusi hachorewi. Ruwaza iko kichwani mwake, idadi ya chane anaihesabu yeye, na rangi ya tatu iingie wapi anaamua yeye. Yule anayebuni na kutenda kwa pamoja tunamwita nani katika Kiswahili, kama si msanii?

Lipo pia jibu lililonipata nje ya darasa. Karibu na tunapoishi, upande wa bondeni, kuna mama mmoja anayesuka na kuuza mikeka, nasi humwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Nilimuuliza kwa Kiganda kama anaweza kuutambua mkeka wake ukichanganywa na ya wengine sokoni. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kumtambua mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "katikati tunafanana sote. Mimi naangalia ukingo. Kila mtu hufunga ukingo kwa mkono wake."

Akanionyesha namna anavyozirudisha ncha ndani, mbili kwa mpigo, akiegemea kushoto. Jirani yake, aliyejifunza kwa mama mwingine, hurudisha moja moja.

Maneno hayo yamebadilisha namna ninavyozitazama kazi za Kerunen. Katika zile nilizoziona, ukingo ndio sehemu inayoteseka kuliko zote. Mkeka unapokatwa ili uunganishwe na mwingine, ukingo huondoka, au hukunjwa ndani, au humezwa na mshono mpya. Muungano, ambao ndio ubunifu mkuu wa msanii, unajengwa mahali pale pale ambapo msusi aliweka mkono wake. Sidhani kwamba ni hila, maana haiwezekani kuunganisha bila kugusa kingo. Lakini ni hasara, na hasara hiyo ingeweza kuwa sehemu ya dhamira. Zipo kazi ambamo ncha zimeachwa zikining'inia, hazikufungwa kabisa, kama sentensi iliyokatishwa. Hizo ndizo ninazoziona bora kuliko nyingine zote. Ndani yake mkono wa msusi haujafunikwa, na msanii amejizuia kumaliza alichoanzishiwa na mwingine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ya pande mbili. Kazi za Kerunen zimetuonyesha kwamba mnara unaweza kusukwa, na kwamba kitu kinachokunjwa kinaweza kubeba historia nzito kuliko saruji. Katika hilo zinastahili sifa zote zilizopewa. Bado zinadaiwa majina. Simaanishi lebo ndefu kwa ajili ya adabu tu. Msusi aandikwe kwa jina lake mwenyewe, pamoja na kijiji chake na aliyemfundisha, kama mtunzi wa utenzi anavyojiandika.

Na sisi wahakiki tunadaiwa pia. Nilisema mkeka hauna beti ya tamati. Baada ya Nnalongo, usemi huo unahitaji kusahihishwa: beti ipo, imefungwa ukingoni, mbili kwa mpigo kuelekea kushoto. Wenziwe huisoma kila siku ya soko. Sisi tuliosoma tenzi zenye mamia ya beti hatujajifunza kuisoma hiyo moja.